Vitabu vya Mapishi Maktabani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wasomaji wanaofika dawati la maulizo wakitafuta habari za chakula: mwanafunzi mwenye tasnifu, mama lishe anayetaka kuongeza vitu kwenye menyu yake, bwana aliyetumwa na mkewe, na yule anayetaka tu kujua bibi yake alikuwa na maana gani aliposema "palia moto". Majibu mengine ni mafupi kwa sababu hakuna zaidi cha kusema.

Vitabu vya mapishi viko rafu gani?

Kwenye maktaba zinazofuata mpango wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, anzia 641.5. Hapo ndipo penye upishi kwa jumla. Ukitaka upishi wa nchi fulani, sogea hadi 641.59: Kenya iko 641.596762, Tanzania 641.59678, na Zanzibar huongezewa 1 mwishoni. Vyakula vyenyewe, yaani habari za mchele, samaki, asali na kadhalika, viko 641.3. Kuhifadhi chakula kuko 641.4, na aina moja moja za mapishi, kama mikate, keki na supu, ziko 641.8. Vyuo vikuu vingi havitumii Dewey bali mpango wa Maktaba ya Bunge la Marekani, na humo upishi uko chini ya herufi TX.

Usishangae ukikuta keki zimechukua rafu nzima na dagaa hawana hata kitabu kimoja. Maktaba hununua kilichochapishwa, na keki huchapishwa sana.

Nimemaliza 641.59 na sijapata cha maana kuhusu mapishi ya Pwani. Ndiyo hamna?

Vimo, ila havipo hapo. Hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote, kwa hiyo tuvumilie kidogo.

Pwani ya Waswahili imepika kwa karne nyingi bila kuandika vitabu vya mapishi. Upishi ulifundishwa jikoni, kwa kuangalia na kukaripiwa. Walioandika waliandika mambo mengine, safari, desturi, maisha yao, mimea, kesi, hesabu za forodha, na chakula kikaingia humo kwa sababu hakuna habari ya watu isiyokuwa na chakula. Wakutubi wakaviweka vitabu hivyo kwenye rafu za safari, desturi na wasifu. Ukitafuta kwa neno "mapishi" peke yake, katalogi haitakuonyesha hata kimoja.

Anza na safari, 916. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alipita pwani yetu mwaka 1331, na simulizi lake lina maelezo ya chakula yaliyo kamili kuliko vitabu vingi vya leo. Akiwa Mogadishu, aliletewa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa kwenye sinia kubwa la mbao, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa mgando yaliyoandamana na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na embe. Anaeleza hata namna ya kula: tonge la wali, kisha kidogo cha achari. Anaongeza, bila haya, kwamba mtu mmoja wa Mogadishu hula sawa na kundi zima la akina Ibn Battuta, na kwamba ni watu wanene mno. Mombasa aliikuta haina mashamba ya nafaka, chakula kikiletwa kutoka mrima, na watu wakila zaidi ndizi na samaki. Alikula pia tunda linalofanana na zaituni, lenye kokwa, tamu sana, analoliita *jammun*. Mtu wa Mombasa akisoma hapo atalitambua zambarau mara moja.

Kisha nenda desturi, 390 na kuendelea, hasa 394.1. *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapwa Göttingen mwaka 1903, kina mchango mkubwa wa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Hakukusudia kuandika upishi. Lakini akieleza harusi, uzazi au kilimo, chakula kinapita mbele yako, pamoja na nani anakileta, nani anakula kwanza, na nani analaumiwa kikikosekana. Kwa mtafiti hayo ni ya thamani kuliko vipimo.

Halafu wasifu, 920. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, akaondoka mwaka 1866, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani kwa jina la Emily Ruete. Soma sehemu ya jiko la Mtoni. Samaki wakubwa wanabebwa na watu wawili, wadogo wanaingia kwa vikapu, kuku wanahesabiwa kwa dazeni, samli inatoka Sokotra kwa mitungi, na viungo peke yake ndivyo vinavyopimwa kwa ratili. Ni aya moja tu, na humo unaona ukubwa wa nyumba, biashara ya bahari na kitu gani kilikuwa ghali.

Mwisho, mimea. *Traditional Food Plants of Kenya* kilichotolewa mwaka 1999 na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na *Edible Wild Plants of Tanzania* cha mwaka 2002, vinakaa na vitabu vya botania ambako wapishi hawafiki. Ndani yake mna majina ya mimea kwa lugha za makabila, sehemu inayoliwa, na namna ya kuiandaa. Ukitaka kujua mnavu, mgagani au mchicha wa porini hupikwaje mahali fulani, huko kuna majibu kuliko kitabu chochote chenye picha za kung'aa.

Nitafute kwa maneno gani kwenye katalogi?

Kwa yote unayoyajua. Kitabu cha Unguja kitaandika tungule na kotmiri. Cha Dar es Salaam nyanya na giligilani. Cha Nairobi nyanya na dania. Binzari huandikwa pia bizari, na kila mahali inamaanisha kitu chake: bizari ya manjano, bizari ya pilau, bizari ya mchuzi. Iliki huwa hiliki, saumu huwa thomu. Jaribu na Kiingereza pia, maana vitabu vingi vya mapishi yetu vimeorodheshwa kwa Kiingereza hata pale ambapo ndani kuna Kiswahili. Na usisahau kutafuta kwa neno pana zaidi: "desturi", "harusi", "lishe", "maarifa ya nyumbani". Hilo la mwisho ni muhimu. Vitabu vingi vya shule vya sayansi kimu vina mapishi, na karibu hakuna anayeviomba.

Kwa nini vingi ni vya Kiingereza?

Kwa sababu vililenga watalii, wageni wakazi na watoto wetu wa ughaibuni, ambao ndio wanunuzi. Mpishi wa Tanga anayepika biriani kila Ijumaa hanunui kitabu cha biriani. Hali hiyo inabadilika polepole, na vijitabu vya Kiswahili vinavyotolewa na vikundi vya akina mama, makanisa, madrasa na watu binafsi ndivyo tunavyovitafuta kwa bidii.

Mbona mna kitabu cha walowezi? Si kingetupwa?

Tumeulizwa kwa hasira na tumeulizwa kwa udadisi, na jibu ni lilelile. *The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide* kilitolewa Nairobi miaka ya 1920 na chama cha wanawake cha kanisa la St Andrew's, kikaendelea kuchapwa tena na tena. Mapishi yenyewe si ya kutufikisha mbali: kuna mambo mengi ya puddingi. Cha thamani ni kile ambacho waandishi hawakukifikiria sana, yaani kurasa za maagizo kwa lugha za Waafrika, Kiswahili kikiwamo, ili mama wa nyumba asiyejua lugha aweze kumwagiza mpishi.

Zisome taratibu. Kila sentensi ni amri. Anayeamriwa ndiye anayewasha moto, anayejua maji yamechemka, anayeokoa mchuzi ulioanza kushika chini. Na hatajwi jina popote. Mapishi yaliyomo yana majina ya wanawake walioyatoa, lakini mikono iliyoyapika miaka yote hiyo haikuandikwa. Mwanafunzi wa historia ya kazi akikaa na kurasa hizo siku moja atatoka na maswali ambayo ripoti za serikali hazimpi. Na kuna jambo la pili: wapishi hao walirudi makwao na walichojifunza. Mtu akitaka kujua vipi keki, chapati za maji na viazi vya kukaanga viliingia majumbani mwetu, asiache kuuliza waliofanya kazi kwenye majiko ya watu walikula nini Jumapili kwao.

Kwa hiyo hatukitupi. Tunakiweka kwenye chumba cha marejeo, na hakiazimwi.

Je, huko nje maktaba nazo zina tatizo hilo la wapishi wasio na majina?

Sana. Marekani ndiko lilikofanyiwa kazi kubwa zaidi. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kitabu cha kwanza cha mapishi cha mwanamke mweusi wa Marekani kilikuwa cha Abby Fisher, kilichotoka San Francisco mwaka 1881. Bi Fisher alizaliwa utumwani, na hakujua kusoma wala kuandika. Alikisema kitabu chake kwa mdomo, wengine wakaandika. Baadaye mkusanyaji wa vitabu vya upishi, Jan Longone, akapata kijitabu cha Malinda Russell, kilichochapwa mji mdogo wa Paw Paw, Michigan, mwaka 1866, yaani miaka 15 kabla ya cha Fisher. Kina kurasa 39 tu, nyingi zikiwa za keki na vitindamlo. Nakala inayojulikana ni moja, na iko Chuo Kikuu cha Michigan. Ingekosa mtu mmoja wa kuitambua, ingeishia kwenye boksi la karatasi kuukuu.

Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Alabama kinatunza mkusanyiko wa Lupton wa vitabu vya mapishi vya Wamarekani weusi pekee. Nasi tungefaa kuwa na wa kwetu, na hatuna haja ya kusubiri wafadhili ili kuanza.

Kitabu cha mapishi cha zamani kuliko vyote duniani ni kipi?

Kongwe zaidi kinachojulikana si kitabu bali mabamba ya udongo ya Babiloni, ya takriban mwaka 1730 kabla ya Kristo, yaliyoko Chuo Kikuu cha Yale. Mengi ni michuzi ya nyama yenye vitunguu na saumu, bila vipimo wala muda wa kupika. Kutoka Roma kuna mapishi yanayoitwa ya Apicius, ambayo tunayapata kwa hati mbili za karne ya 9, moja Vatikani na nyingine New York. Baghdad ilitoa vitabu viwili vikubwa, cha al-Warraq cha karne ya 10 na cha al-Baghdadi cha mwaka 1226. Na hivyo ndivyo vyenye harufu ya kwetu, kwa nyama iliyopikwa na viungo, matunda na siki. Usiruke haraka kusema pilau ilitoka hapo, lakini visome.

Nawezaje kutumia vitabu hivi kujua chakula fulani kilifika lini kwetu?

Kwa uangalifu, na kwa kuangalia mwaka kabla ya kitu kingine chochote. Mahindi, mhogo, nyanya, viazi mviringo, viazi vitamu, karanga, mapapai na pilipili kali zote asili yake ni bara la Amerika, na hazikufika huku kabla ya safari za Wareno mwishoni mwa karne ya 15. Basi rudi kwa Ibn Battuta na achari yake ya pilipili ya mwaka 1331. Haiwezi kuwa pilipili mbuzi wala pilipili kichaa. Ni pilipili manga, iliyotiwa siki na chumvi ikiwa bado kwenye vichala vyake. Mfasiri akiandika "pilipili" bila kufafanua, na msomaji akiwa na mawazo ya leo, mtu anaweza kuandika tasnifu nzima juu ya kosa hilo.

Vivyo hivyo karafuu. Ilikuwa bidhaa ya biashara kwenye Bahari ya Hindi zamani sana, lakini mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba ni ya karne ya 19. Ukisikia "mapishi ya asili ya Unguja tangu enzi na enzi" yenye nyanya, mahindi na karafuu za shambani, cheka kidogo kisha uliza mwaka.

Jambo la pili: kitabu cha mapishi kinaonyesha kile mwandishi alichotaka kipikwe, si lazima kilichopikwa. Linganisha na bei za sokoni kwenye magazeti, orodha za mahitaji za hospitali, magereza na shule, na vitabu vya hesabu vya maduka. Kwa miaka ya karibuni kuna nyaraka zilizo wazi zaidi: majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania ya mwaka 2008, na ya Kenya ya mwaka 2018 yaliyotoka pamoja na kitabu cha mapishi ya vyakula vya kawaida vya Wakenya. Humo ugali, githeri na mukimo vimeandikwa kwa gramu. Hayana utamu wa kusoma, lakini utajua nini kiliingia sufuriani.

Kitabu changu kinasema "kibaba" na "ratili". Nifanyeje?

Ratili ni kama gramu 450. Wakia ni kama gramu 28. Kibaba cha nafaka ni karibu gramu 680, na vibaba vinne ni pishi moja, yaani karibu kilo 2.7. Frasila ni karibu kilo 16, na kama kitabu kinakutaka frasila ya kitu chochote basi si chakula cha jioni, ni shughuli. Hesabu hizi zilibadilika soko kwa soko, kwa hiyo zichukue kama mahali pa kuanzia. Gorogoro la Kenya ni kopo la kama kilo 2 za mahindi, na debe ni la lita 18 hadi 20.

Vikombe ndivyo vinavyoharibu keki za watu. Kikombe cha vitabu vya Marekani ni mililita 237. Cha vitabu vingi vya sasa ni 250. Vitabu vya zamani vya Uingereza hutumia nusu painti, ambayo ni mililita 284. Na painti yenyewe ya Uingereza ni 568, ya Marekani 473. Angalia kitabu kimechapwa wapi kabla hujapima. Mayai pia: vitabu vya kale viliandikwa kwa mayai madogo. Ikiwa kitabu cha zamani cha huku kinataka mayai sita, na yalikuwa ya kuku wa kienyeji ya kama gramu 40, manne ya kisasa yanatosha.

Na "moto wa wastani", "palia moto", "Regulo 4"?

Regulo ni namba iliyokuwa kwenye majiko ya gesi ya Kiingereza. Namba 4 ni sawa na nyuzi 180 za Selisiasi, au 350 za Farenhaiti, na ndiyo wanayoiita joto la wastani. Kila namba ikipanda, ongeza kama nyuzi 15.

Kupalia ni kuweka makaa juu ya kifuniko wakati chini nako kuna moto. Kwa wali, makaa machache juu na moto wa chini ukiwa umepunguzwa sana, ili mvuke umalizie kazi na tui likauke bila ukoko mwingi. Kwa mkate wa kumimina ni kinyume chake: juu makaa mengi, chini machache, la sivyo chini huungua kabla ya juu kupata rangi. Mwenye oveni aweke nyuzi 180 na asubiri uso uwe wa hudhurungi. Haitakuwa na ile harufu ya mkaa. Tusidanganyane.

Ukikuta "tui la kwanza" na "tui la pili", hilo halina njia ya mkato: la pili, jepesi, ndilo linalochemshia, la kwanza, zito, linaingia mwishoni na kukorogwa taratibu lisikatike. Kopo la dukani lina tui la aina moja. Ligawe, nusu uliongezee maji.

Ni salama kupika kwa kufuata vitabu vya zamani?

Mengi ni salama. Yasiyo salama ni haya. Usifuate maelekezo ya zamani ya kutia mboga, maharage, nyama au samaki kwenye chupa na kuchemsha kwa maji ya kawaida. Bakteria wa sumu ya botulinamu hustahimili maji yanayochemka. Vyakula visivyo na ukali wa asidi vinahitaji chombo cha presha kinachofika nyuzi 116 au zaidi, na muda uliopimwa. Jamu na achari ya siki ni jambo jingine. Usitumie kihifadhi chochote kinachotajwa na kitabu cha kale bila kuuliza. Boraksi, kwa mfano, iliwahi kuwekwa kwenye nyama na maziwa, na haifai.

Kwa mimea ya porini, kitabu hakitoshi. Mhogo mchungu na baadhi ya viazi vikuu vya porini vina sumu isiyoondoka kwa kuchemsha mara moja, na aya mbili za kitabu haziwezi kuchukua nafasi ya mtu wa eneo hilo anayejua kuloweka, kukausha na kuonja. Uyoga, hata usijaribu.

Nikitoa nakala ya mapishi naweza kuyaweka kwenye blogu au video yangu?

Orodha ya viungo na hatua za kupika, kama wazo, hazimilikiwi na mtu. Maneno ya mwandishi, picha zake na mpangilio wa kitabu vinalindwa. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, Kenya ya mwaka 2001, na kote ulinzi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hiyo pika, eleza kwa maneno yako, piga picha yako, na mtaje uliyejifunza kwake. Kutaja hakutakiwi na sheria kila mara, ila unajua mwenyewe ulivyojisikia mara ya mwisho mtu alipochukua pishi lako na kusema ni la kwake.

Fotokopi ya kurasa chache kwa masomo yako tunaruhusu. Kitabu kizima, hapana.

Kuna ninachoweza kusoma bure kwenye mtandao?

Kipo kingi. Kijitabu cha Malinda Russell kinasomeka kwenye maktaba ya mtandaoni ya HathiTrust. Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kimeweka vitabu 76 muhimu vya mapishi vya Marekani chini ya jina *Feeding America*. Chuo Kikuu cha Texas huko San Antonio kina madaftari ya mapishi ya Meksiko yaliyoandikwa kwa mkono, na ukiyaona utakumbuka daftari la nyumbani kwenu, madoa na yote. Maktaba ya Umma ya New York ina menyu za mikahawa na meli zipatazo 45,000. Mwanamke mmoja, Frank E. Buttolph, alianza kuzikusanya mwaka 1900, na kuanzia 2011 watu wa kujitolea walizinakili sahani kwa sahani, bei kwa bei.

Hilo la menyu lituamshe. Menyu ya hoteli ya mtaani ya mwaka 1985, ile iliyoandikwa kwa rangi ubaoni, haikutunzwa na mtu. Kama unayo picha ya zamani ambayo nyuma ya watu kuna ubao wa bei, tunaitaka.

Nimetoa kitabu changu mwenyewe cha mapishi. Mtakipokea?

Kwa mikono miwili. Sheria za Tanzania na Kenya pia zinamtaka mchapishaji awasilishe nakala, na namba ya ISBN, ile ya kutambulisha kitabu, utaipata Tanzania kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, na Kenya kwa Huduma ya Maktaba ya Taifa. Tunakuomba mambo matatu kabla hujaenda kwa mchapaji: andika mwaka, andika mji, na andika kila pishi umelitoa kwa nani au wapi. Vijitabu vyetu vingi havina hata kimoja. "Samaki wa kupaka" peke yake hakutoshi. Samaki wa kupaka wa Lamu na wa Mtwara si mmoja.

Vijitabu vya bure vya kampuni za mafuta na siagi, kalenda zenye mapishi, na kurasa zilizokatwa magazetini pia tunapokea. Watu hudhani tunataka vyenye jalada gumu tu.

Ninalo daftari la mapishi la marehemu mama. Nilitunzeje, na mnalipokea?

Tunalipokea, lakini huna lazima ya kutuachia. Njoo nalo, tulipige picha, urudi nalo nyumbani.

Kwa kulitunza: usilipeleke duka la fotokopi kutiwa plastiki ya moto, maana haitoki tena na karatasi hufia humo. Usitumie selotepu, baada ya miaka inageuka manjano na kuacha gundi. Toa pini za chuma kabla hazijashika kutu, hasa ukiwa Pwani. Ukitaka kuandika kitu, tumia penseli. Kurasa zenye mafuta au sukari tenganisha na nyingine kwa karatasi nyeupe, kwa sababu mende huzifuata hizo kwanza. Liweke juu kabatini, mbali na jiko na ukuta wenye unyevu. Usijaribu kusafisha madoa: doa la manjano kwenye ukurasa wa pilau linatuambia ukurasa huo ndio uliofunguliwa kila sikukuu.

Muhimu zaidi ni yale ambayo hayamo. Madaftari ya akina mama huandika "unga, sukari kiasi, mayai, iliki" na kuishia hapo, kwa sababu mwandishi alijikumbusha mwenyewe. Mtafute dada yake, shoga yake, au mwali aliyemsaidia jikoni, uwashe simu irekodi, upitie naye ukurasa kwa ukurasa. Muulize kiasi ni kiasi gani, sufuria ipi, nani alikuwa hali kitu gani nyumbani, na pishi hili lilitoka kwa nani. Andika jina lako, jina lake na tarehe mwanzoni mwa rekodi.

Nimedondosha mchuzi kwenye kitabu cha maktaba. Mtanitoza?

Tone moja, hapana. Pangusa kwa kitambaa kikavu, acha kikauke kikiwa wazi kivulini, kisha utuambie. Ukurasa ukishikana na mwenzake usiuvute, kilete hivyo hivyo. Ukikificha na mwingine akakikuta kimeota ukungu, hapo faini ipo.